Mashine Isiyo na Mdomo

Mashine ya gemu nyumbani kwetu Magomeni ililetwa na mpira. Hilo nalitanguliza kwa sababu Baba Nasri hachukii kitu kama kuambiwa aliwanunulia watoto. Alijinunulia mwenyewe, ili Ijumaa usiku afungane mabao na mdogo wake bila kwenda kupanga foleni kwenye kibanda cha gemu na vijana wa sekondari. Ni PS5, PlayStation ya Sony, ile nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023, tena ile ya bei nafuu. Kwa nini ilikuwa nafuu, hakuna aliyeuliza. Muuzaji alisema "hii ni dijitali, bosi," na kwa masikio ya mume wangu neno hilo ni sifa.

Asichokinunua ni Astro. Kila PS5 hutoka kiwandani na gemu moja tumboni, Astro's Playroom, bure kabisa, kazi ya Team Asobi ya Tokyo. Ni gemu la kuruka: unaruka kutoka jukwaa hili hadi lile, ukikosea unadondoka shimoni, unaanza upya. Shujaa ni kiroboti cheupe chenye macho ya buluu. Kikikanyaga mchanga, padi inachakacha viganjani mwako. Kikipita kwenye kitu kigumu, unasikia vidole vikigongwagongwa. Kuna mahali unatakiwa upulize kwenye maikrofoni ya padi ili feni izunguke. Zuhura, kitinda mimba wetu, alimpelekea bibi yake padi akamwambia, "Bibi, puliza." Bibi akapuliza kwa pumzi ya mtu aliyewasha mkaa tangu enzi za Mwalimu, feni ikazunguka, naye akaisukuma padi mbali. "Kina nani humo ndani?"

Zuhura alilimaliza, akalirudia, akalimaliza tena. Kisha ikafika tarehe 6 Septemba 2024, likatoka lile kubwa lenyewe, Astro Bot. Si la bure. Dola 60, ambazo kwa kiwango cha siku zile ni kama shilingi laki moja na sitini.

"Laki na sitini kwa kuruka?" Baba Nasri aliuliza, uma ukiwa hewani.

Shemeji, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amekuja kula, akaingilia. "Kaka, hapo pamepunguzwa. Magemu mengine makubwa ya Sony ya PS5 ni dola 70."

"Kwa hiyo napata hasara ya laki na sitini, siyo laki na tisini. Nashukuru."

Baraza likaitishwa baada ya Isha. Hoja ya Baba Nasri ilikuwa kwamba mpira hauishi. CD moja ya mpira (aliendelea kusema CD, ingawa mpira wake ulikuwa umepakuliwa na muuzaji, jambo ambalo lingetakiwa kumshtua) unaicheza mwaka mzima, ilhali gemu la kuruka lina mwisho wake. Nasri, aliyeko kidato cha pili na anayependa kuonekana ana akili, akachukua kikokotoo: saa kumi na mbili hivi kulimaliza, kumi na tano ukisaka kila kilichofichwa, maana yake zaidi ya shilingi elfu kumi kwa saa. Kibandani unacheza mechi nzima kwa mia tano.

Hesabu hiyo naisikia sana, na siikubali. Saa ya mpira ni ileile jana na leo: unatoa pasi, unapiga shuti, unagombana na refa asiyekusikia. Astro Bot lina hatua zaidi ya 80, na watengenezaji wake wana tabia moja niliyoipenda, kwamba wakibuni jambo zuri hawalinyonyi. Wanakupa hila mpya, unaifurahia hatua moja au mbili, kabla hujaichoka wanakunyang'anya na kukupa nyingine. Vitu vya aina hiyo ukivigawa kwa saa unamwadhibu aliyefupisha na kumtuza aliyerefusha. Nilisema hayo barazani. Nasri akasema, "Sawa Mama, lakini elfu kumi kwa saa."

Zuhura hakuwa na hoja. Alikuwa na machozi, nayo yakatosha.

Hapo ndipo shemeji alipojitolea. Ieleweke kwamba Tanzania haina duka lake la PlayStation la mtandaoni. Wengi wetu hufungua akaunti za nchi za watu na kuzijaza kwa kadi za zawadi. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Sony, Baba Nasri ni mkazi wa Marekani. Shemeji akampata kijana mmoja kwenye simu, anauza kadi ya pauni 50. Pauni 50 ni zaidi ya dola 60, chenji inabaki, hesabu imenyooka. Akalipa kwa simu, namba zikaja, akaziandika kwenye mashine sote tumekodoa macho. Mashine ikazikataa. Akaandika tena polepole, akitamka kila herufi. Ikakataa tena.

Kadi ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani. Kijana wa kadi alipopigiwa alijibu kwa adabu kwamba mzigo ukishatoka haurudi, kisha simu yake ikawa haipatikani.

"Hiyo kadi ni yako," Baba Nasri akamwambia mdogo wake.

Bibi, aliyekuwa kimya muda wote akichambua mchele, akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. "Hicho kitu mkishakimaliza, kinauzika?"

"Cha kupakua hakiuziki, Mama," shemeji akasema kwa sauti ndogo. "CD ndiyo inauzika. Hata kuazimisha unaweza."

"Basi kwa nini mnanunua kisichouzika kwa bei ileile ya kinachouzika?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna jibu. Duka la mtandaoni halina kasha, halina usafiri wala kodi ya fremu Kariakoo, na bado siku ya kwanza linakudai dola 60 zilezile. Bibi akaagiza daftari. "Mali bila daftari huisha bila habari," akasema, na Nasri akaandika ukurasa wa kwanza: GEMU LA ZUHURA.

Jumamosi shemeji akatumwa Kariakoo kujisafisha. Mtaa wa Aggrey, dukani, akaambiwa laki mbili na ishirini, mzigo mpya, wa mwisho. Akageuka kuondoka, akaitwa. Akageuka tena, akaitwa tena. Alirudi saa tisa alasiri ana jasho na CD halisi ndani ya nailoni yake kwa laki moja na sabini, na lazima nikiri kwamba kwa hilo alistahili sifa. Zuhura aliibandua nailoni kwa ncha za kucha bila kuichana. Akaitoa CD kwa kuishika pembeni. Akaenda kwenye mashine, akapiga magoti, akatafuta pa kuiingiza.

Alitafuta mbele. Akatafuta upande. Baba Nasri akaja na tochi ya simu, akaigeuza mashine, akaipapasa mgongoni, akabonyeza hapa na pale akitumaini kitu kitafunguka. Nasri akaliendea kasha la mashine lililokuwa juu ya kabati, akasoma maandishi ya ubavuni, akalirudisha taratibu.

"Baba. Ni dijitali."

"Najua ni dijitali!"

"Maana yake haina pa kuingizia CD."

Bibi akavua miwani. "Mmenunua mashine isiyo na mdomo," akasema, na jina hilo halijafutika hadi leo.

Dawa ipo. Hizi nyembamba zinapachikwa kisomeo cha CD, kinauzwa peke yake, wakati ule dola 80 kule Marekani. Zile dijitali za kwanza za 2020 hazina hata bahati hiyo. Lakini tarehe 10 Septemba, siku nne tu baada ya Astro kutoka, Sony walitangaza PS5 Pro, mashine ya dola 700 wakati huo, nayo haina mdomo vilevile. Watu wa Marekani, Uingereza na Japani wakavikimbilia visomeo madukani vikaisha, na walanguzi wakapandisha bei. Tulipouliza Aggrey tulitajiwa bei ambayo Baba Nasri aliirudia mara mbili, siyo kwa ajili ya kupatana, bali kuhakikisha kwamba amesikia.

CD ikawekwa kwenye kabati la vyombo vya wageni, kati ya birika na sahani za harusi yangu. Kila akitoka shule Zuhura aliitoa, akasoma nyuma ya kasha, akairudisha. Habari zikavuka ukuta. Kijana wa jirani, mwenye mashine yenye mdomo, akaja na heshima zote. "Shikamoo Bibi. Nimesikia CD yenu imekaa tu."

"Marahaba. Haijakaa, inasubiri."

"Naomba niiazime kidogo."

Bibi akamtazama kuanzia kandambili hadi kofia. "Elfu ishirini, na uirudishe haina mchubuko." Akalipa. Nasri akaandika kwenye daftari upande wa mapato. Tatizo halikuwa pesa. Kijana yule alilimaliza gemu lote kabla mwenye mali hajalianza, na kila akimwona Zuhura getini alitaka kumsimulia mwisho wake. Binti yangu alikwenda shule vidole vikiwa masikioni.

Tarehe 12 Desemba Astro Bot likatangazwa gemu bora la mwaka katika tuzo za The Game Awards, kule Los Angeles. Shemeji akaja na habari hiyo kama ametajwa yeye. "Mmeona? Nilinunua kitu!" Baba Nasri akamjibu kwamba dunia nzima imelipa tuzo na sisi bado tunalitazama kabatini.

Aliyetuokoa ni wifi yangu anayefanya kazi Dubai. Alikuja likizo na kisomeo kimefungwa ndani ya khanga, zawadi kwa mama yake, kwa kuwa Bibi ndiye aliyekiomba kwa simu, kwa jina la "mdomo", na wifi akaelewa. Kikapachikwa ubavuni, kikalia tiki. Kumbe mara ya kwanza lazima mashine iingie mtandaoni ndipo ikitambue, na bando lilikuwa limekata. Bando likanunuliwa. Umeme ukaisha, maana LUKU nayo ina wivu. Nasri akaingiza tarakimu zile ishirini kwa mwanga wa tochi, taa zikarudi, na kiroboti kikatua.

Ndani yake mna roboti 300 wa kuokolewa, zaidi ya 150 kati yao wamevaa kama mashujaa wa magemu mengine ya PlayStation. Shemeji alikuwa akiwataja kwa majina, Kratos huyu, Ratchet yule, hadi tukamwomba anyamaze. Mimi nilichokishika ni sifongo. Kuna mahali kiroboti kinakuwa sifongo kinachofyonza maji hadi kinavimba na kuwa jitu la kupita kwenye kuta. Ukitaka kukikamua unabana vitufe vya nyuma ya padi, na vitufe vinakataa: vinakaza, vinarudisha nguvu vidoleni hadi ubane kweli, ndipo maji yanamwagika. Zuhura aliuma ulimi akibana. Nilipopewa zamu nami niliuuma.

Kasoro ninayo moja. Gemu ni la mtu mmoja, na nyumba yetu ina watu wengi. Tukaweka sheria kwamba anayedondoka anapitisha padi, na Bibi ndiye mwamuzi. Mpinzani mkubwa wa sheria hiyo akawa Baba Nasri, aliyedai kwamba alisukumwa.

Je, linastahili bei kamili? Linastahili, kama ni CD na mashine yako inaweza kuila. Sisi tuliliuza baada ya Pasaka kwa laki moja na elfu kumi, hatua za ziada zilizoongezwa bure zikiwa zimeshachezwa. Ondoa elfu ishirini ya jirani, gemu bora la mwaka limetugharimu elfu arobaini. Kisomeo sikihesabu, ni zawadi, na kimebaki kuwa mali ya nyumba. Mwenye dijitali bila mdomo ningemshauri asubiri. Magemu ya Sony hushuka bei miezi ikipita, tofauti na ya Mario, ambayo Nintendo huyashikilia bei miaka na miaka, na Astro hakimbii. Na kabla hujaanza kupatana bei Aggrey, igeuze kwanza mashine yako uitazame ubavuni.

Shemeji bado ana kadi yake ya pauni 50, namba hazijatumika. Mwenye akaunti ya Uingereza amtafute, bei inazungumzika.