Kutu ya Buti na Mahari ya Kisarawe

Mama alishakata shauri tangu wiki ya maandalizi: mahari ya mdogo wetu itakwenda Kisarawe kwa gari la marehemu baba. Mke wangu alipotaja Noah ya kukodi, mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama Neema, mimi niliolewa na mwenye gari hilo. Acha wakwe walione." Mjadala ukaisha. Baba alikuwa mwalimu hapa Kibaha, mji uliokua kandokando ya kituo cha elimu kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordic miaka ya 1960 na kukabidhiwa serikali mwaka 1970. Katika yote aliyotuachia, Volkswagen Beetle ile yenye mgongo wa kobe ndiyo mali pekee ambayo hakuna aliyethubutu kutaka igawanywe.

Baba alikuwa na sababu ya kuiamini. Alipenda kututajia miaka ambayo Beetle ilishinda Safari Rally, 1953, 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo mashindano yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Injini yake inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuchemka. Lakini injini ikikaa nyuma, buti huhamia mbele, na huko ndiko ugonjwa wake uliko. Tairi la akiba husimama ndani ya shimo la bati, mbele kabisa, na nyuma yake limelala tangi la petroli. Raba ya boneti ikikauka, maji ya mvua hupenya, hushuka hadi kwenye kitako cha shimo lile na kukuta tundu la kutolea maji limezibwa na vumbi na majani. Kwa unyevu wa huku Pwani bati halipati nafasi ya kukauka. Kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huibenua rangi kutoka chini. Ukiona lengelenge moja juu, ujue ndani pameshaoza.

Letu halikuonyesha hata lengelenge. Fundi bodi mmoja aliyelishika enzi za baba alijaza putii kwenye matundu, akapaka lami juu yake, akatandika kapeti. Kwa macho sakafu ilikuwa nzima. Kazi ya namna hiyo inaniuma hadi leo, na si kwa ajili ya hela tu. Lami ikipakwa juu ya kutu hufungia maji ndani, bati likaendelea kuliwa huku mwenye gari amelala usingizi akijua ametengenezewa.

Siku ya safari begi la mahari liliwekwa juu ya tangi, ndani yake mkaja wa mama na doti za kanga za bibi na mashangazi. Bahasha ya fedha aliishika mshenga mwenyewe. Tulitoka Mailimoja, tukashika Barabara ya Morogoro, tukaiacha Kiluvya kuelekea Kisarawe. Kwenye kipande kilicholiwa na mvua gari lilitua shimoni, na kitu kikakatika mbele kwa mlio mkavu. Mama akasema ni jeki. Hatukwenda mbali. Bodaboda aliyekuwa akija mbele yetu alipiga honi mfululizo, akanyoosha kidole chini ya bampa: "Mama, kanga! Kanga inaburutwa!"

Tulipofungua boneti, tairi la akiba lilikuwa limekaa upande, kitako cha shimo kimeachana na ukuta wake. Begi lilikuwa limeteleza kutoka juu ya tangi na zipu imefunguka. Doti moja ilikuwa imepita tunduni: nusu yake ya juu safi kama ilivyotoka dukani, nusu ya chini imechanika na kulowa tope, na kwenye pindo yameng'ang'ania magamba ya kutu yenye lami upande mmoja. Mama aliikunja, akaiweka mapajani bila neno. Mke wangu akafungua mkoba wake, akatoa doti aliyojinunulia ya kuvaa siku ya harusi, haijakatwa wala kupindwa. "Weka hii, mama." Mama alimtazama kwa muda, akaipokea kwa mikono miwili. Habari ya Noah haikutajwa tena na yeyote kati yao, na kwangu lile ndilo tendo kubwa la safari nzima.

Mahari ilipokelewa. Baada ya pilau, mjomba wa mchumba, mzee aliyezeekea kwenye ufundi bodi, akaomba kuliona gari. Alichomeka bisibisi sakafuni na ikazama hadi mpini. "Mwanangu," akaniambia, "hii haizibwi. Inakatwa mpaka ufike kwenye chuma cheupe."

Basi gari likalala Kisarawe. Mjomba alifungua betri, akanyonya mafuta, akalishusha tangi na kulipeleka mbali, nyuma ya mkorosho, maana tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Hakuwasha kitu kabla ya hapo. Akakata kwa grainda hadi cheche zikaanza kuruka sawasawa pande zote, akachukua kipimo kwa boksi la sabuni, akakihamishia kwenye bati la geji 18. Shimo lile lina mviringo na kina, na bati hutoka dukani likiwa limenyooka. Akalilaza kwenye gogo la mwembe alilolichonga bonde katikati, akaligonga kwa nyundo ya mbao, pigo dogo dogo, akizungusha kutoka nje kuja ndani, mpaka likakaa mahali pake bila kulazimishwa. Alichomelea nukta hapa, nukta kule, akiacha chuma kipoe, kwa sababu ukivuta mstari mmoja bati jembamba hujikunja. Kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu ndani na nje, silanti kwenye maungio, tundu la maji likaachwa wazi, na raba mpya ya boneti.

Mama alisimamia jaribio. Alimimina ndoo ya maji juu ya boneti iliyofungwa, akaagiza ifunguliwe, akapitisha kiganja kwenye kitako chote. Kikatoka kikavu. Mjomba hakutaka fedha ya ufundi kutoka kwa wakwe, alichukua ya bati na gesi tu. Halafu akainua kiti cha nyuma, pale betri inapokaa, akagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Upande wa kushoto ulilia chuma. Upande wa betri ukatoa sauti butu.

"Harusi kwanza," mama akasema. Gari litarudi kwa mjomba baada ya fungate, kabla vuli haijaanza.