Sifa za Mheshimiwa Mildiu

Wakubwa wengi wamepigiwa makofi katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na wengi wao hawajawahi kupanda hata shina moja la kiazi. Ni haki basi tumsifu mmoja anayeyajua mashamba yetu jani kwa jani: Mheshimiwa Mildiu, ugonjwa ulao viazi mviringo, hizo birayi zetu za Bihambwe.

Nia yake ni safi. Mgeni akifika Bihambwe, macho yake yako Rubaya, kwenye migodi ya koltani, madini ya simu. Kiazi anakikanyaga tu. Mildiu hana simu wala kompyuta, koltani ya nini kwake? Ndiye mgeni tuliye naye anayefunga safari kwa ajili ya kilimo.

Barabarani pia hasumbui mtu. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu barieri 798 za kutoza wapitao katika Kivu zote mbili, na gunia la viazi likiteremka mjini hujua lenyewe linavyopungua njiani. Mildiu hupita juu kwa upepo, hana jetoni ya kuonyesha amelipa, hana kitambulisho. Siku akichoka na upepo huingia ndani ya kiazi. Mvua humwosha kutoka kwenye majani, humpenyeza udongoni hadi kwenye ngozi ya kiazi, naye hukaa humo kimya, doa dogo la rangi ya kahawia chini ya ganda. Kwa nje kiazi ni kizima. Mama anakiweka kando pamoja na vidogo vidogo vya mbegu, anakitunza msimu mzima kuliko anavyovitunza vile vya kula, kisha anakizika shambani kwa mikono yake. Ni waheshimiwa wangapi wanaopokelewa namna hiyo?

Hapendelei. Shamba la mwenye ng'ombe mia na bustani ya mjane nyuma ya kibanda, yote kwake ni meza moja. Anachoomba ni ubaridi na jani lenye maji, na sisi huku juu ukungu hatuuzi, tunaugawa bure. Katika tone la maji juu ya jani hutoa vijidudu vyenye mikia miwili, vinavyoogelea mpaka vipate pa kuingilia. Hali ya hewa ikimpendeza, shamba lililokuwa kijani linakuwa jeusi, linanuka, kabla wiki mbili hazijaisha. Ulaya lazima avizie majira ya baridi yapite. Kwetu viazi hupandwa, huvunwa na kusahauliwa ardhini mwaka mzima, hivyo hajawahi kukosa kazi hata siku moja, jambo ambalo vijana wetu hawawezi kulisema.

Halafu kuna suala la asili yake. Masisi mtu huulizwa babu yake alitoka kilima gani kabla hajaulizwa kama amekula. Mildiu naye ana mgogoro wake: wataalamu wengine wanasema kwao ni Mexico, wengine wanasema ni milima ya Andes. Hata ukoo wamemnyang'anya. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa kuvu, kisha wakachunguza vizuri wakakuta ndugu zake wa karibu ni mwani wa baharini. Kenya aliandikishwa mwaka 1941. Pamoja na mashaka yote hayo, hakuna aliyewahi kumwambia arudi kwao.

Wapinzani wake watataja Ireland, ambako alifika mwaka 1845 na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Tuwe waadilifu. Yeye aliozesha viazi tu. Nafaka na mifugo iliyoendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza hakuipakia yeye. Kwetu pia amelaumiwa kwa mashamba ambayo hakuyagusa: wenyewe walikimbia risasi viazi vikiwa bado vichanga, na waliporudi wakakuta mashimo.

Wapo wanaomkosea heshima. Mwenye pesa anabeba pompa mgongoni na kupiga dawa ya mankozebu, kisha mvua ya saa tisa inaisafisha yote, na kesho anapiga tena. Kuna na kiazi kimoja kikaidi, Cruza 148, kilichoenea Rwanda, Burundi na huku kwetu kwa sababu humvumilia Mheshimiwa mpaka mavuno. Mbegu yake safi, isiyo na mgeni ndani, ni ya kutafuta kwa tochi.

Kwa sababu hizo zote napendekeza apewe cheo cha agronomu wa teritwari. Anafika kila kijiji, hata kule ambako gari la serikali halijaonekana. Hadai mafuta, hadai pesa ya misheni. Mshahara nao hatauulizia; anakula hukohuko kazini.