Hotuba ya Bingwa wa Makala Zinazolipwa

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, waandishi wenzangu wa leo, na nyie wa kesho mliojibana kule nyuma karibu na sambusa: itifaki imezingatiwa. Kama haijazingatiwa, basi izingatiwe sasa hivi, maana kipaza sauti nimeshakishika.

Nimealikwa hapa Kinondoni niwaeleze jinsi mwandishi wa kujitegemea anavyopata kazi yenye malipo kwenye vyombo vya habari. Nimealikwa mimi kwa sababu ya uzoefu wangu wa miaka 14. Katika miaka hiyo nimechapishwa mara 300 na ushee. Nimelipwa mara 11. Naomba msinipigie hesabu. Hisabati ina wataalamu wake, mimi utaalamu wangu ni malipo.

Naona kijana kanyoosha mkono hata sijaanza. Sema, mwanangu. Anauliza kama washiriki wana posho. Keti kwanza, tutafika huko.

Tuanze na historia, maana mhadhara usio na historia ni soga tu. Karl Marx mnamfahamu. Kuanzia miaka ya 1850 bwana yule, akiwa London, alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Marekani, New-York Daily Tribune. Makala za mwanzo zilizotoka kwa jina lake aliziandika rafiki yake Engels, kwani Kiingereza cha mwenye jina kilikuwa hakijanyooka. Na malipo aliyalalamikia miaka nenda rudi. Sisi tuliokaririshwa neno unyonyaji shuleni tulidhani alilikuta kiwandani. Utafiti wangu binafsi, ambao haujachapishwa popote kwa sababu hakuna aliyekubali kuulipia, unaonyesha alilikuta gazetini.

Sasa nadharia yangu kuu, Nadharia ya Engo. Andikeni.

Kila Jumatatu mhariri wa makala anafungua simu na kukuta ujumbe: "Habari za kazi mkuu, naomba kuandika kuhusu mabadiliko ya tabianchi." Mkuu hajibu. Atajibu nini? Mabadiliko ya tabianchi ni mada, na mada haina bei.

Lakini nenda Paje, Unguja, maji yakitoka. Utawakuta akina mama wameinama kwenye vigingi na kamba, wanafunga mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani unaolipa vizuri, cottonii, unakufa maji ya ufukweni yakizidi joto. Unaovumilia, spinosum, unauzwa bei ya kutupa. Dawa iliyopendekezwa ni kuupeleka mwani kwenye maji ya kina. Haya, mama aliyezaliwa hatua hamsini kutoka baharini na hakufundishwa kuogelea, atafikaje huko? Hiyo ndiyo engo, mabibi na mabwana! Ndani yake mna mtu, mna mahali, mna shilingi. Iandike kwa aya mbili. Taja utaongea na nani, picha zitatoka wapi, maneno mangapi, na utaikabidhi lini. Basi.

Mimi niliwahi kupeleka pendekezo la kurasa tisa, lenye dibaji na shukrani. Mhariri alinijibu kwa dole gumba la WhatsApp. Nimelihifadhi mpaka leo.

Halafu kuna kalenda. Bajeti ya serikali husomwa Dodoma mwezi Juni. Anayemwandikia mhariri Julai kumwambia ana uchambuzi wa bajeti, anamletea ubani baada ya arobaini. Mwandikie Mei, wakati bado anahangaika nani atamjazia ukurasa.

Mnataka majina ya vyombo, naona kalamu zimesimama. Magazeti ya nyumbani humlipa mwandishi wa kujitegemea kwa stori iliyotoka. Ukituma tano zikatoka mbili, umeandika mbili. Zile tatu ulikuwa unafanya mazoezi. Ukitazama nje, kuna idhaa za Kiswahili kama ya BBC, iliyoanza 1957, na ya Ujerumani, DW. Kuna The Continent, gazeti lililozaliwa 2020 na kusambazwa kwa WhatsApp, linalobeba kazi za waandishi wa bara zima. Kuna Pulitzer Center na Earth Journalism Network, ambao hutoa ruzuku ili uweze kusafiri na kuchunguza. Ila mara nyingi mtoa ruzuku anataka kwanza barua ya mhariri kwamba ataichapisha kazi, na mhariri anataka kwanza kujua nauli yako inatoka wapi. Anza na mhariri. Barua haimgharimu kitu, na kitu kisichogharimu huwa wanakitoa haraka.

Msitume stori moja kwa wahariri wawili kwa wakati mmoja. Yangu iliwahi kutoka kwenye magazeti mawili asubuhi moja. Kwa nusu saa nilikuwa mwandishi maarufu kuliko wote Dar es Salaam. Baada ya hapo nikawa na wahariri wawili wasiopokea simu.

Na bei, jamani, bei inaulizwa kabla ya kuandika. Andika hivi: "Mnalipa kiasi gani, mnalipa lini, na ikiwa mtaiagiza halafu msiichapishe, napata nini?" Mtu akiona haya kuuliza hilo, akauze karanga, ambako mteja huuliza mwenyewe. Uwe na TIN, upeleke ankara, na ujue kuna asilimia 5 ya kodi ya zuio itakayokatwa. Gazeti moja ambalo sitalitaja lilinidai risiti ya mashine ya EFD kwa makala ya shilingi 40,000. Mashine yenyewe bei yake inazidi makala kumi. Nilikwenda kwa mhasibu mara nne kwa daladala. Safari ya tano nilikwenda kwa miguu, kwa sababu makala ilikuwa imeshaliwa na nauli.

Kitambulisho pia msikidharau. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati. Wasio nayo tunawaita makanjanja, hata wakiandika vizuri kutuzidi.

Limebaki la bahasha, na hapa sitanii sana. Mnaijua. Mkutano umekwisha, afisa habari anapitisha karatasi, unasaini, unapewa "nauli". Gazeti litakulipa elfu chache kwa stori hiyo, tena likikulipa. Uliyemwandika amekupa mara tatu yake, taslimu, na soda juu. Ukirudi chumba cha habari na kuanza kuandika, unamfanyia kazi nani? Wamiliki wa vyombo wanaokemea bahasha majukwaani ndio hao hao wanaochelewesha malipo ya waandishi miezi mitano. Mimi bahasha zote nimezikataa, isipokuwa zile nilizopewa.

Yule kijana mkono bado uko juu. Haya, sema. Anauliza mimi mwenyewe leo nimelipwa shilingi ngapi.

Swali zuri sana. Ndugu mwenyekiti, mimi na wewe tulikubaliana... Hatukukubaliana? Uliniambia "njoo tu, tutaongea". Na mhasibu? Kaondoka saa ngapi?

Mwenye gari anayepita Mbagala naomba anisubiri getini.