Mchwa Wamehamia kwa Mende, na Mimi Sikuulizwa

Jirani, umekula kumbikumbi mwaka huu? Basi vuta kreti ukae. Nina habari itakayokukata hamu, na lawama usiniletee mimi.

Nina apu kwenye simu ya kupiga picha wadudu. Usiniulize ilifikaje. Aliyeiweka ni binti wa dada yangu, yule wa chuo kikuu, aliyeona anko anakaa bure jioni akikodolea dari. Unapiga mdudu picha, unamrusha mtandaoni, halafu watu usiowajua, mmoja yuko Brazili, mwingine Uswisi, wanakwambia anaitwa nani. Zaidi ya theluthi mbili wakikubaliana, picha yako inapandishwa daraja, eti inafaa kwa utafiti. Malipo hakuna. Bando ni lako.

Nilianza na Nairobi Fly. Alikuwa amenichoma shingo, ngozi imevimba, kola haishikiki. Nikaandika: nzi. Mimi nilijua nini? Jina lenyewe linasema ni nzi. Kabla chai haijapoa, mtu akanijibu: si nzi, ni mbawakawa. Mwingine akaongeza kwamba mdudu huyu haumi, wala hana mwiba. Ukimponda ndipo sumu iliyo mwilini mwake inakumwagikia. Kwa hivyo mimi mwenye shingo iliyoungua ndiye niliyekuwa na makosa. Marehemu akapewa pole na watu wa mabara matatu.

Hayo niliyameza. Kilichonimaliza ni kumbikumbi.

Mama mkwe hunitumia kutoka Kakamega, kwenye mkebe wa majani ya chai, kwa matatu. Na usidhani ni kazi ndogo. Kuna wale wanaotoka wenyewe mvua ikinyesha, na kuna wale wa kudanganywa: unafunika kichuguu kwa fremu ya fito na blanketi, unakaa hapo ukigonga vijiti, tiki-tiki-tiki, mpaka walio chini waamini kuwa nje kunanyesha. Wanatoka mbio na mabawa yao. Wanapepetwa kwenye ungo, mabawa yanapeperuka. Wanaingia kwenye sufuria kavu bila tone la mafuta, kwa sababu mafuta wanayo wenyewe. Chumvi kidogo. Mwaka huu niliwapiga picha sahanini kabla sijaanza. Nikaituma, mahali: Kitengela.

Maoni ya kwanza: "Kitengela ni mahali alipopatikana au mahali alipoliwa?"

Nikanyamaza. Asubuhi notifikesheni imelala hapo: mdudu wako amehamishwa. Nimemtoa wapi, anapelekwa wapi, nani alitia sahihi? Nikafungua. Kuna ngazi pale ya ukoo, unapanda pole pole: jenasi, familia, sijui nini ndogo, sijui nini kubwa, mpaka oda. Oda imeandikwa Blattodea. Mimi na Kilatini hatujawahi kusalimiana, nikabonyeza tu. Ikatokea picha ya mende. Mende, jirani! Yule yule anayelala nyuma ya friji yangu. Kipande cha mwisho cha kumbikumbi kilikuwa bado kwenye jino.

Nikampigia binti. "Anko, hiyo ni habari ya 2007," akasema, kama mtu anayekwambia mechi iliisha zamani. Kumbe wanasayansi wa jumba la makumbusho ya viumbe kule London walipima DNA ya mende na mchwa wengi, wakaandika kwamba mchwa ni mende. Si jirani wa mende, si binamu wa kufikiwa kwa barua. Wametoka ndani ya boma lile lile. Kuanzia 1832 mchwa walikuwa na oda yao, Isoptera, wamejitegemea. Sasa Isoptera imewekwa chini ya mende, ni sawa na chifu kuamka akaambiwa kuanzia leo wewe ni Nyumba Kumi. Apu inachofanya ni kupangua na kupanga vyumba vya ndani, na kila wakipangua, simu yangu inalia.

Nikauliza ushahidi. Nisingeuliza. Nikaambiwa kuna mende wa misituni Marekani, Cryptocercus, anayekula mbao na kulea watoto wake ndani ya gogo, baba na mama wakiwepo. Tumboni ana viumbe vidogo sana vya kumsagia mti, na mwaka 1934 mtu anayeitwa L. R. Cleveland alionyesha vinafanana na vya tumboni mwa mchwa fulani. Watoto wanavipataje? "Wanakula vinavyotoka nyuma ya wazazi wao, anko." Nilikuwa na uji mkononi.

Binti akaona niko chini, akajaribu kunipoza. Eti hao wakubwa nao waliwahi kupotea njia. Linnaeus mwenyewe, mwaka 1758, aliwatia mchwa kundi moja na viroboto, buibui, nge na kaa wa baharini. Sasa hapo mimi ningelalamika nini? Kaa wa baharini wana bei. Ukikaribishwa kumbikumbi ukaambiwa ni jamaa ya kaa, unaongeza sahani.

Na si mchwa peke yao waliohamishwa. Chawa walikuwa na oda yao, wakaunganishwa na vidudu vile vya kwenye vitabu vikuukuu. Hilo halikunishangaza. Chawa siku zote atatafuta pa kujibana, safari hii amepata maktaba.

Mama Junior alisikia simu yote, maana mimi huongea kama niko mnadani. Tangu siku hiyo mende wa jikoni wanaitwa shemeji. "Baba Junior, shemeji zako wako kwenye sukari." Nikishika dawa ya kupuliza, watoto wanalia: usimpige anko! Nikampigia mama mkwe, kwa adabu zote, simu kwa mikono miwili, nikamweleza taratibu mambo ya London. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo mende wao ana mafuta?" Nikasema sijui, mama. "Basi mkebe unaofuata nitampa mume wa dada yake Mama Junior. Yeye hana maneno."

Nikaamua kupigana. Nikaingia nikabonyeza: sikubaliani. Msimamizi mmoja, hawa ni watu wa kujitolea, wana subira ya kuchosha, akanijibu kwa upole niseme ninachokiona pichani. Akaongeza kwamba kwa kumbikumbi wa sahani hawezi kufika hata kwenye spishi, wengi wao hutambuliwa kwa askari. Je, ninaweza kupata askari?

Ninaweza! Mimi? Kwenye ploti ya jirani wa nyuma kuna kichuguu kinachonishinda urefu. Nikachukua jembe, nikabomoa kipande. Askari walitoka wakubwa, vichwa vyekundu-vyekundu, taya kama mkasi. Nikamshika mmoja kwa mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia. Akanishika yeye. Kidole gumba. Damu ikatoka, nikaruka, simu ikapiga picha yenyewe na kuituma, askari akabaki ananing'inia.

Apu ikapendekeza jina papo hapo: binadamu. Watu wawili wamekubali, mmoja wa Uswisi. Na binadamu, nimeambiwa, hapandishwi daraja la utafiti.