Sifa za Kuvumwani

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo maana wenye busara hawamsifu diwani, dereva wa bodaboda wala mpishi wa harusi mpaka kazi iishe. Kuvumwani naisifu leo hadharani bila wasiwasi wowote. Haina masikio ya kuisikia sifa, na kwa mwendo wake, hata ingeamua kujivuna, kiburi chenyewe wangekiona vitukuu wangu.

Nasema yale magamba ya kijivu yanayoganda kwenye shina la mbuni, zile ndevu za kijani zinazoning'inia mitini kwenye vilima vya ukungu, na yale madoa meusi na ya manjano kwenye mawe ya Mbamba Bay ambayo mgeni hudhani ni rangi iliyomwagika. Mkulima wa Mbinga akiyaona kwenye kahawa yake, hachukui darubini. Anachukua gunzi la mahindi na kusugua mpaka shina ling'ae. Gunzi lenyewe lina hoja: bungua weupe hutaga mayai kwenye nyufa za gome, na shina lililolainishwa halimpi pa kuficha uzao wake. Lakini kuvumwani inaondolewa kwa kesi isiyo yake. Haina mizizi ya kunyonya mti na haili buni. Chulebuni inaozesha matunda, kutu inapukutisha majani. Hii imekaa tu. Ni mpangaji aliyekuja na jiko lake, sufuria yake na unga wake, akaomba ukuta wa kuegemea. Kosa lake ni kupenda mwanga, na mbuni uliochoka na kupukutika majani ndio wenye mwanga mwingi. Ikikutwa hapo, inaambiwa ndiyo iliyouchosha mti. Kisha zinapopulizwa dawa za kopa kuzuia chulebuni, nayo inapata dozi yake, na hakuna anayeiuliza hali.

Ukoo wake nao una utata unaotosha baraza zima la wazee. Si mmea, na wala si kiumbe kimoja. Kuvu ndiyo inayojenga nyumba, na ndani yake hukaa mwani, au bakteria wenye rangi ya kijani-buluu, wanaopika sukari kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener aliyasema hayo miaka ya 1860, na wataalamu wakubwa wa kuvumwani wa wakati ule wakamjia juu kana kwamba amewatukania mama zao. Mmoja wa waliokuwa wakali zaidi, William Nylander, mzaliwa wa Finland, alikufa bila kukubali. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake wakaonyesha kwamba katika baadhi ya aina mna mkazi wa tatu, hamira fulani iliyojificha kwenye ngozi ya juu. Kwa hiyo hata sensa ya nyumba hiyo haijafungwa.

Anayetaka kuona maajabu ya mvivu huyu asiende mbali. Aende Mbamba Bay mwezi Septemba, mawe yakiwa yamepigwa na jua miezi kadhaa, achague doa la kijivu lililokauka kiasi kwamba ukucha ukipita linatoka unga. Achote maji ya ziwa kwa kiganja, adondoshee tone moja. Kijivu kinapotea na kijani kinatokea mbele ya macho yake, haraka kuliko chai kupoa. Ngozi ya juu ikilowa hupitisha mwanga, na mwani uliokuwa umefichwa ndani unaonekana na kuanza kazi. Tone likikauka, kazi inasimama. Chini kidogo, jiwe hilo hilo likizama majini, kuna mwani wa aina nyingine ambao samaki aina ya mbuna wanaukwangua mchana kutwa. Wa juu umepata kuvu ya kuuhifadhi, haukwanguliwi na mtu isipokuwa mkulima wa kahawa.

Uvumilivu huo umepimwa kwa namna ya ukatili. Mwaka 2005 Shirika la Anga la Ulaya lilipeleka aina mbili za kuvumwani angani kwa chombo cha Urusi kiitwacho Foton-M2, zikaachwa nje kama wiki mbili, bila hewa, katika mionzi ya jua isiyochujwa. Ziliporudi duniani zilinyweshwa maji, zikaendelea na kazi. Sisi umeme ukikatika saa mbili, mtaa mzima unalaani.

Na kasi yake! Hapa ndipo sifa zangu zinapopanda mlima. Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali linalofanana na ile sanamu ya Misri. Agosti 1914 Mwingereza Rhoades alikuja na meli ya Gwendolen akaipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wake, rafiki wa Rhoades, alikuwa hajapata hata habari kwamba kuna vita. Tangu mzinga ule, Wajerumani wameondoka, Waingereza wamekuja na kuondoka, Tanganyika imepata uhuru, Nyasa imekuwa wilaya. Doa la kuvumwani linalopanuka nusu milimita kwa mwaka, na zipo aina za kwenye mawe zinazokwenda hivyo, limesogea tangu siku ile kama sentimita tano na nusu. Haraka haraka haina baraka, tunasema, kisha tunapanda Noah na kumhimiza dereva. Aliyeutii msemo huo ni huyu peke yake.

Wamatengo wamesifiwa, na wamestahili, kwa ngolo zao: wanalaza nyasi kwa miraba, wanazifunika udongo, katikati yanabaki mashimo yanayokamata maji ya mvua, na mteremko mkali unalimwa bila kushuka wote bondeni. Lakini udongo wanaoulinda kwa jembe ulianza mahali. Kuvumwani ni miongoni mwa wa kwanza kupanda jiwe tupu. Inaingiza nyuzi zake kwenye vinyweleo vya mwamba, inatoa asidi, inamegua chembe kwa chembe. Zile zenye bakteria wa kijani-buluu huvuta naitrojeni hewani na kuiachia ardhi zinapooza. Mbolea hiyo haina ruzuku, haina foleni, haina namba ya siri ya wakala.

Hata mahesabu ya hewa inayaweza. Huyo huyo Nylander, kabla ya ugomvi, aliandika mwaka 1866 kwamba katika jiji la Paris kuvumwani ilistawi kwenye bustani ya Luxembourg huku sehemu nyingine za jiji haionekani, kwa sababu ya moshi. Haina mizizi, kwa hiyo chakula na sumu vyote inavipokea kutoka hewani na mvuani. Mbinga yetu ina makaa ya mawe ya Ngaka na malori yake. Mtu akitaka kipimo cha hewa kisichohitaji betri wala TANESCO, ahesabu magamba kwenye miti ya kando ya barabara, kisha ahesabu tena baada ya miaka kadhaa.

Pwani waliwahi kuipatia bei. Karne ya 19 aina iitwayo Roccella ilibanduliwa kwenye miti ya pwani ya Afrika Mashariki na kupakiwa Zanzibar kwenda Ulaya, ikatoe rangi ya zambarau ya kutia vitambaa. Zikaja rangi za viwandani, biashara ikafa. Ndugu yake wa mwisho kazini ni litmasi, kile kikaratasi cha maabara ya shule kinachogeuka chekundu kwenye maji ya limau. Rangi yake ya asili ilitoka kwenye kuvumwani.

Sasa dawa, jambo ninalolisema kwa sauti ya chini. Zile ndevu za mitini zinaitwa Usnea, na zina asidi ya usiniki, iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1844. Inaua bakteria kadhaa wa vidonda na usaha, na miaka ya 1940 ilijaribiwa maabara dhidi ya bakteria wa kifua kikuu. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini asidi hiyo haiyeyuki vizuri majini, na kuua bakteria kwenye sahani ya kioo si kumponya mgonjwa. Kisha Wamarekani wakaitia kwenye vidonge vya kupunguza unene. Mwaka 2001 mamlaka yao ya chakula na dawa ikalazimika kuwaonya watu waache vidonge hivyo, kwa sababu maini ya watumiaji yalikuwa yanaharibika.

Nchi hii inajua kasi ya uvumi wa tiba. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500 cha mizizi ya mugariga. Mugariga walau huchipua. Mtangaze tu kwenye spika ya stendi kwamba ndevu za mitini zinatibu kisukari, presha, nguvu za kiume na mkosi, na kiangazi kimoja kitatosha kunyoa kila mti kuanzia vilima vya Umatengo mpaka ziwani, mali iliyochukua miaka hamsini kuota. Sifa kuu ya kuvumwani, naona, ni kwamba mpaka leo haijapata mpiga debe.

Kwa hiyo ukikutana na mtu mwenye gunia anayeuliza zile ndevu ziko msitu gani, nakuomba uyasahau yote niliyosema. Mwambie ni uchafu wa miti, na tena unawasha. Hutakuwa umedanganya: asidi ile ile imewapa upele wakata miti wengi.