Barua ya wazi kwa mheshimiwa anayetunza kilometa zetu

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Kamembe, kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu 2017 nacho ni lugha rasmi ya Rwanda, hivyo huna kisingizio cha kuirudisha barua.

Nimekuja kudai kilometa. Kutoka uwanja wa ndege wa Kigali hadi huu wetu wa Kamembe, kwa mstari ulionyooka, kilometa 150 hazifiki, na ndege huzimaliza kwa nusu saa hivi. Sisi wa basi, kwa safari hiyohiyo, tunakabidhiwa zaidi ya 220: Muhanga, Nyanza, Huye, Nyamagabe, kisha kona za Nyungwe. Hizo 70 na ushei alizigawa nani, na kwa nini mwenye nauli ndogo ndiye aongezewe safari?

Najua utanitajia milima. Mbona haimgusi aliye juu? Yeye huiona Nyungwe dirishani, kijani kitupu, akapiga picha yakaisha. UNESCO iliuingiza msitu huo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2023, na naapa hakuna watalii waliowahi kuutazama kwa muda mrefu kama abiria wa kwetu Rusizi. Nyani nao hukaa kando ya lami wakitutazama sisi. Tukishapita Kitabi, msitu unapoanzia, watoto huanza kutapika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2008, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, kwa hiyo mama humvua mwanawe kofia, akaikinga.

Dereva simlaumu. Kidhibiti mwendo kimemfunga kwenye kilometa 60 kwa saa, na kwa kona zile afadhali. Hata angeushikilia mwendo huo njia nzima bila kupunguza, masaa matatu na nusu yasingemfikisha. Ilivyo sasa ni masaa sita, tukijaliwa lori lisikwame mbele yetu.

Wa ndege nao, nisiwaonee, husema "nusu saa" bila kuhesabu muda waliokaa uwanjani wakisubiri kupaa. Wakati wao wanavua mikanda kukaguliwa, basi letu linakaribia Nyanza. Ila wao wanasubiri penye choo.

Tena kuna kichekesho kingine. Uwanja wa Kavumu, ule wa Bukavu ng'ambo ya mpaka, Kongo, uko kilometa 20 hivi kutoka huu wetu. Rubani hata asingemaliza kuwasalimu abiria. Lakini watu wa Bukavu na Kamembe huvuka mto Rusizi kwa miguu, darajani, na mizigo kichwani.

Mheshimiwa, kama kilometa zetu hazirudishiki, basi shusha nauli ya ndege ya ndani, walau kwa mgonjwa aliyepewa rufaa ya Kigali. Huyo ndiye asiyeziweza kona za Nyungwe, na ndiye tunayempakia kwenye basi.

Wako mtiifu,
Abiria wa kiti cha nyuma, Kamembe