Heshima kwa Deni la Kaunti

Magavana wetu wamesifiwa vya kutosha. Tepe zimekatwa, vivuko vimezinduliwa mara mbili mbili, na matangi ya maji vijijini yamepakwa rangi na majina ya wakubwa. Lakini yuko mtumishi mmoja wa ugatuzi aliyeingia kazini mwaka 2013 pamoja na magavana wa kwanza, na hadi leo hajapigiwa makofi hata siku moja. Ni deni la kaunti: ile bili ya mwanakandarasi iliyopokelewa, ikagongwa muhuri, ikatiwa kwenye faili, ikaambiwa isubiri.

Tazameni kwanza siha yake. Mahindi hutaka mvua na ushuru wa soko hutaka wateja, ila deni hustawi masika na kiangazi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipolipima lilivyosimama Juni 30, 2018, alikuta karibu Sh89 bilioni. Miaka sita baadaye Msimamizi wa Bajeti aliripoti zaidi ya Sh180 bilioni, na zaidi ya nusu ilikuwa ya Nairobi peke yake. Mwaka huo kaunti zote 47 zilikuwa zimetengewa mgao wa Sh385.4 bilioni. Ni idara gani nyingine ya kaunti iliyojikuza maradufu namna hii bila semina ya hotelini Mombasa?

Hata hivyo, ukubwa si sifa yake kuu. Sifa yake ni kazi inayofanya kwenye bajeti, na hapa naomba subira ya msomaji.

Waziri wa fedha wa kaunti ana wadi nyingi na hela kidogo, na kila mwakilishi wadi anataka barabara yake. Matumizi lazima yalingane na mapato, angalau kwenye karatasi. Basi waziri hashughuliki na matumizi, hupandisha mapato. Maegesho, kodi za viwanja, leseni, ada za machinjio, vyote hunona kwa siku moja. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 Nairobi ililenga kukusanya karibu Sh20 bilioni za mapato yake ya ndani, ikapata chini ya Sh13 bilioni. Mtu mwenye roho mbaya atauliza zile bilioni saba zilikwenda wapi. Hazikwenda popote, kwa sababu hazikuwahi kuwapo. Tatizo ni kwamba pesa za aina hiyo, katika kaunti yoyote ile, huwa zimekwisha kupangiwa kazi: hati za kuagiza bidhaa (LPO) zimetoka, mawe yamemwagwa, dawa zimefikishwa hospitalini. Juni 30 mwaka wa fedha unafungwa, mfumo wa malipo wa serikali, IFMIS, unagoma, na deni linakaa kimya kwenye lile pengo. Bajeti ikabaki imelingana.

Tena wahasibu wamelilinda kwa upendo. Kwa miaka yote hiyo hesabu zimeandikwa kwa msingi wa pesa taslimu, yaani matumizi huingia kitabuni siku pesa zinapotoka. Kisicholipwa hakijatumika. Gavana aweza kujenga zahanati, kuizindua na kupigwa picha mlangoni, na vitabu vikaapa kwamba haijagharimu kitu. Mwaka 2024 Baraza la Mawaziri liliidhinisha serikali ihamie mfumo unaoandika deni siku linapozaliwa. Sijui walikosewa nini na kiumbe huyu mpole.

Sasa tuje kwa wakopeshaji. Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Masharti mazito hayo. Lakini kumkopa mama anayepeleka maziwa na mboga hospitalini hakuhitaji bunge la kaunti wala Hazina; kunahitaji muhuri na neno moja: "Rudi wiki ijayo." Na kwa kuwa sera imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, tumefanya jambo ambalo mataifa tajiri hayajaliwaza: tumewapa wanyonge heshima ya kuifadhili serikali. Kijana hukopa benki kwa riba ili alete madawati. Benki humdai kila mwezi, naye huidai kaunti kila mwaka. Sheria ya ununuzi ya 2015 inatambua riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini anayetaka zabuni ya mwaka ujao anajua namna ya kunyamaza. Dalali akija kubeba viti vya sebuleni, hiyo ni shughuli ya benki. Kaunti haihusiki.

Uvumilivu wa deni nao ni wa kupigiwa mfano. Siku ya Madaraka mwaka 2019, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza madeni ya serikali yasiyo na maswali ya ukaguzi yalipwe kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Deni lilisikiliza kwa adabu, likaendelea na safari yake. Hazina huilaumu kaunti kwa kupanga ovyo, kaunti huilaumu Hazina kwa kuchelewesha mgao, na kusema kweli zote mbili zina hoja. Gavana mpya akiapishwa, huteua kamati ya kuhakiki madeni ya mwenzake, na kamati nayo hulipwa posho. Katika ule ukaguzi wa 2018, madeni ya karibu Sh38 bilioni yalikosa hati za kutosha kuyathibitisha. Hivyo aliyejenga daraja na aliyejenga hewa wamepanga foleni moja, na wa hewa mara nyingi ana rafiki pale mbele.

Nawasihi basi wawakilishi wadi na wananchi mnaoitwa kutoa maoni: msilivuruge deni hili. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Siku ya kutoa maoni kuleni mandazi, sainini daftari la mahudhurio, na msimuulize waziri wa fedha mwaka jana alikusanya kiasi gani hasa.